Wawili Chini ya Barakoa: Mwongozo wa Kuandika Filamu ya Mapigano na Vichekesho

Mwongozo huu unamlenga mwandishi wa muswada anayetaka kutunga filamu ambamo watu wawili wasiofanana, ambao kwa kawaida wasingeketi meza moja, wanafunika nyuso zao, wanajichukulia sheria mkononi na kupambana na wahalifu huku watazamaji wakicheka. Mfano nitakaourejea mara kwa mara ni The Green Hornet (yaani Nyigu wa Kijani), filamu iliyotolewa Marekani Januari 2011, ikaongozwa na Mfaransa Michel Gondry kutokana na muswada ulioandikwa na Seth Rogen na Evan Goldberg. Simaanishi kwamba hii ndiyo filamu bora kupita zote za aina yake, kwa kuwa ina dakika nyingi ambazo mhariri mkali angezikata bila huruma. Nimeichagua kwa sababu ustadi wake na kasoro zake vyote viko wazi kama injini ya gari lililofunguliwa boneti, na mwanafunzi wa ufundi hujifunza zaidi mahali ambapo anaweza kuona nati zilizolegea.

Ushauri wangu mkuu ni mmoja, na hatua zote zinazofuata zinautegemea: andika kwanza deni lililopo kati ya hao wawili, kisha ndipo uwavalishe barakoa.

Hatua ya kwanza: jua nasaba ya wahusika wa aina hii

Kabla ya kuandika neno lolote, tenga siku mbili tatu uchunguze jinsi jozi moja ilivyobadilika mikononi mwa waandishi wa vizazi tofauti. Green Hornet alizaliwa redioni, katika kituo cha WXYZ cha Detroit, tarehe 31 Januari 1936, akiwa kazi ya George W. Trendle na Fran Striker, watu walewale waliokuwa wamekwisha kumleta redioni Lone Ranger, shujaa mwingine mwenye barakoa, mwaka 1933. Mhusika mkuu, Britt Reid, ni mwenye gazeti liitwalo Daily Sentinel. Usiku huvaa barakoa na kuzunguka mjini katika gari jeusi liitwalo Black Beauty, linaloendeshwa na mtumishi wake, Kato. Kwa kuwa msikilizaji wa redio haoni barakoa wala gari, watunzi walilazimika kumjenga mhusika kwa sauti: mvumo wa nyigu, mngurumo wa injini, na muziki wa mtunzi Mrusi Rimsky-Korsakov unaoiga mruko wa nyuki aina ya bumbi. Wakati huo Kato alikuwa dereva na msaidizi, basi.

Mwaka 1966 jozi hiyo ilihamia televisheni ya ABC, ambako Van Williams aliigiza Reid na kijana aliyekuwa bado hajulikani sana, Bruce Lee, akaigiza Kato. Vilitengenezwa vipindi 26 tu. Inasimuliwa kwamba Lee alikuwa mwepesi kiasi cha kuombwa apunguze kasi ili kamera ipate kunasa mapigo yake, na kipindi kilipofika Hong Kong watu walikiita kwa jina la Kato, wala si la bwana wake. Hapo ndipo palipo na somo kwa mwandishi. Kwenye karatasi za watayarishaji, Reid ndiye aliyekuwa stelingi, kama wanavyosema watazamaji wa vibanda umiza. Machoni pa mtazamaji, stelingi alikuwa mtu aliyekuwa akimfungulia mlango wa gari. Waandishi wa 2011 waliuokota mgongano huo uliokuwa umelala kwa zaidi ya miaka 40, wakaufanya kuwa kiini cha kichekesho chao.

Hatua ya pili: andika deni

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Watu wawili wasiofanana hawachekeshi kwa sababu mmoja ni mrefu na mwingine mfupi, au mmoja msomi na mwingine mbumbumbu. Tofauti za namna hiyo huzaa vicheko viwili vitatu kisha hukauka. Wanachekesha pale ambapo mmoja anamdai mwenzake kitu na hakuna njia ya heshima ya kulilipa deni hilo. Sungura na Fisi wa ngano zetu wameishi karne nyingi kwa mtaji huohuo, kwani kila hadithi yao ina mmoja aliyekula na mwingine aliyepika.

Tazama jinsi filamu ya 2011 inavyoanzisha uhusiano wa Reid na Kato. Baba yake Reid amefariki, na kijana huyo mvivu, aliyezoea starehe, anawafukuza watumishi wa nyumba. Asubuhi inayofuata anaonja kahawa, anakunja uso, na kudai kujua mtu aliyekuwa akimtengenezea kahawa nzuri siku zote yuko wapi. Mtu huyo analetwa: ni Kato, ambaye ndiye aliyeiunda mashine ya kahawa, na ambaye pia ndiye aliyekuwa akiyatengeneza magari ya marehemu. Katika mazungumzo yao ya mwanzo Kato anasema amezaliwa Shanghai, naye Reid anamjibu kwa furaha kwamba anaipenda sana Japani. Kikombe kimoja cha kahawa na sentensi moja ya ujinga vimetosha kutueleza kila kitu: mmoja anafanya kazi, mwingine anakunywa, na anayekunywa hata hajui mwenzake ametoka nchi gani. Fadhila ya punda, wahenga walishasema, na mwanafunzi wa uandishi hana haja ya kuambiwa iliyobaki.

Sasa tengeneza deni lako mwenyewe, na ulitafute katika maisha unayoyajua. Nitatoa mfano wa kubuni ili tuufuate hadi mwisho. Bi Zuhura, mwenye umri wa miaka 63, ni mshonaji wa sare za shule mtaa wa Ngamiani, Tanga. Akiba yake aliitumia kununua pikipiki, akamkabidhi kwa mkataba kijana aitwaye Mgaza, mwenye miaka 24, ambaye anapaswa kuleta hesabu ya shilingi 10,000 kila jioni hadi pikipiki iwe yake. Imebaki miezi miwili mkataba uishe, pikipiki inaibwa. Kwa maandishi ya mkataba, Mgaza bado anadaiwa. Kwa maoni ya Mgaza, mtu hawezi kudaiwa hesabu ya chombo ambacho hakipo. Polisi wamechukua maelezo na kumwambia asubiri. Bi Zuhura si mtu wa kusubiri.

Ukishapata deni, liandike kwa sentensi moja na kulibandika ukutani juu ya meza yako. Kisha jiulize maswali matatu. Je, deni hili linaweza kukua kila wanapookoana? Je, kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba yeye ndiye mdai? Je, kuna siku ambayo mmoja atajaribiwa kumwacha mwenzake kwa ajili ya deni hilohilo? Kwa jozi yetu majibu yote ni ndiyo. Mgaza akimwokoa Bi Zuhura asigongwe na gari, atataka hesabu ya siku ile isamehewe, naye Bi Zuhura atamjibu, huku akijifuta vumbi: «Kuniokoa ni utu, hesabu ni hesabu.» Sentensi kama hiyo haihitaji mchekeshaji mashuhuri ili ifanye kazi, inatokana na deni lenyewe.

Hatua ya tatu: tafuta sababu ya barakoa, na gharama yake

Barakoa isiyo na sababu ni vazi la sherehe. Kwa hakika neno lenyewe lina historia ndefu kuliko filamu zote hizi, maana wanawake wa pwani na wa Omani walivaa barakoa zamani sana kabla ya janga la mwaka 2020 kulifanya neno hilo liwe la kila mtu. Kwao barakoa ilikuwa alama ya staha na ya nafasi ya mvaaji katika jamii. Mwandishi akilikumbuka hilo atakuwa na akili ya kujiuliza, kila mhusika anapojifunika uso, anajificha ili nani asimwone.

Green Hornet ana jibu la kuvutia. Yeye na Kato hujifanya wahalifu. Wazo ni kwamba adui akikujua kuwa mwema, atawashika watu wasio na hatia ili akubane, lakini akikudhani mwovu mwenzake hatakuwa na kamba ya kukufungia. Katika filamu ya 2011 hata mwanzo wao haukuwa wa kishujaa, kwa sababu usiku wa kwanza walitoka nyumbani kwenda kukata kichwa cha sanamu ya baba yake Reid, wakakutana kwa bahati na watu wanaoshambuliwa na vibaka, wakawaokoa, kisha wao ndio wakafukuzwa na polisi. Kosa hilo ndilo linalozaa mpango mzima. Angalia pia gharama yake: kila wanapotenda jema, gazeti linawatangaza kuwa majambazi, na gazeti hilo ni la Reid mwenyewe.

Bi Zuhura anavaa barakoa kwa sababu nyepesi zaidi, na kwa maoni yangu ya kweli zaidi: hataki majirani wamwone akizurura usiku na kijana wa bodaboda. Anashona barakoa mbili kutokana na masalio ya kitambaa cha kaki cha sare za shule, akazitia kifungo nyuma na pindo safi, kwa kuwa hawezi kutoa kazi mbovu hata kwa ajili ya vita. Gharama inajitokeza baadaye, mtu mmoja anapoitambua mishono yake.

Hapa lazima niseme jambo la uzito kidogo. Mtazamaji wa Afrika Mashariki hachukulii suala la raia kupambana na wezi kama ndoto ya vitabu vya picha. Sungusungu, vikundi vya raia vya ulinzi, walianza miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wengi wetu tumekulia mahali ambapo sauti ya «Mwizi!» inaweza kumaliza uhai wa mtu kabla hajaulizwa jina. Kwa hiyo usiandike onyesho ambamo umati unampiga mshukiwa ukitarajia kicheko, kwa maana ukumbi utakuwa kimya, au, jambo baya zaidi, utashangilia. Ninashauri uwape wahusika wako kanuni moja wanayoishika hata inapowagharimu. Wa kwangu hawamwachi mwizi mikononi mwa umati: usiku wa pili tu wanalazimika kumkimbiza mwizi wao wenyewe kwa pikipiki ya kukodi, wakiwa watatu, mwizi katikati, hadi kituoni, huku akilalamika kwamba Mgaza anaendesha ovyo.

Hatua ya nne: mpe adui donda la moyoni

Sitakaa sana hapa. Adui wa filamu ya 2011, Chudnofsky, aliyeigizwa na Christoph Waltz, ana bastola yenye mitutu miwili na anatawala uhalifu wa Los Angeles, lakini kinachomuuma ni kwamba watu hawaoni kuwa anatisha. Mwishowe anajibadilisha jina na kutafuta vazi la rangi moja. Adui mwenye jeraha dogo la kibinadamu huchekesha bila kupoteza hatari yake, mradi aendelee kuua au kuumiza kwa dhati. Adui anayechekesha tu huifanya filamu nzima iwe ya watoto.

Hatua ya tano: andika pigano kama mazungumzo

Waandishi wengi chipukizi huandika «wanapigana» kisha wakamwachia mwongozaji. Huo ni uvivu, kwani mwongozaji atajaza nafasi hiyo kwa mateke ambayo hayahusiani na hadithi. Andika mahali palivyo, vitu vilivyopo karibu, na jambo linalobadilika kati ya wawili hao kutokana na kila pigo. Katika filamu ya Gondry, Kato anapokabiliwa na hatari muda unapungua kasi, na tunaona vile yeye anavyoona: silaha za maadui zinang'aa nyekundu moja baada ya nyingine. Mbinu hiyo inatuambia jambo kuhusu mtu huyo, kwamba akili yake inatangulia mwili, ilhali Reid mwili wake unatangulia akili. Wanapopigana wao kwa wao nyumbani kwa Reid, tunaujua tayari mwisho wa pigano hilo, na bado tunacheka, kwa sababu Reid peke yake ndiye asiyeujua.

Huu hapa mfano wa jinsi ninavyoandika onyesho la kwanza la Ngamiani:

NJE. UCHOCHORO, NGAMIANI. USIKU.

Wezi wawili wanaisukuma pikipiki iliyozimwa. Mgaza anawazibia njia, barakoa ya kaki usoni, mikono kiunoni.

MGAZA (akilazimisha sauti nzito): Iacheni hiyo pikipiki!

MWIZI WA KWANZA: We nani?

Bi Zuhura anatokea nyuma yao akihema, barakoa imepinda kidogo, mkasi wa kukatia vitambaa mkononi.

BI ZUHURA: Muulize vizuri. Ndivyo ulivyofunzwa kwenu?

Kimya. Mbwa anabweka mbali.

MWIZI WA PILI (bila kufikiri): Shikamoo.

BI ZUHURA: Marahaba, mwanangu. Na mwenzako hana mdomo?

MWIZI WA KWANZA (kwa shida): Shikamoo, mama.

MGAZA: Bi Zu… (anajikata) Bi mkubwa, tunapigana au tunaamkiana?

Hakuna pigo lililorushwa, lakini nguvu imekwisha kuhama mara tatu. Mgaza aliingia akiwa shujaa, akageuka kuwa msaidizi. Wezi wamegeuka watoto. Na ulimi wa Mgaza umekaribia kuliumbua jina ambalo barakoa ilishonwa ili ilifiche. Pigo la kwanza likija sasa, litakuwa na maana. Liwe la Mgaza, likose, naye aanguke juu ya pikipiki anayodaiwa.

Fikiria pia barakoa kama kifaa cha kazi. Barakoa inayofunika macho peke yake, kama zile za Reid na Kato, inauacha mdomo wazi, na mchekeshaji hula kwa mdomo wake. Inayofunika uso mzima inapendeza kwenye bango lakini inaua nusu ya uigizaji na kuifanya sauti isikike kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, hata mkalazimika kurekodi upya maneno studioni. Kwa upande mwingine, uso uliofunikwa humruhusu mwongozaji kumweka mtaalamu wa kuruka na kuanguka badala ya mwigizaji mwenyewe bila mtazamaji kugundua, jambo ambalo mwigizaji wa Bi Zuhura atalishukuru. Kwa hiyo amua mapema: maonyesho ya maneno yawe na barakoa ya nusu uso au iliyovuliwa, na ya mbio za juu ya mapaa yawe na uso uliofunikwa zaidi.

Hatua ya sita: wagombanishe mahali ambapo hadithi inaumia

Karibu na theluthi ya mwisho, deni lazima lidaiwe kwa sauti. Reid anataka jina na sifa; Kato, ambaye amebuni gari, silaha na hata mbinu, anachoka kuitwa msaidizi. Wakati ufa huo uko wazi, Kato anapata ujumbe kutoka kwa adui wa kutaka Reid auawe. Ugomvi mzuri ni ule ambao mtazamaji anaweza kumtetea yeyote kati ya hao wawili, na hapa filamu ya 2011 inateleza kidogo, kwa kuwa Reid ameandikwa kuwa mbinafsi mno hata ni vigumu kuamini kwamba Kato angerudi. Kwa hiyo kabla ya ugomvi, mpe yule mwenye makosa mengi tendo moja jema asilolitangaza. Bi Zuhura, kwa mfano, amekuwa akimwekea Mgaza kila shilingi 10,000 aliyowahi kuleta ndani ya kopo la cherehani, akikusudia kumpa siku ya ndoa yake. Mtazamaji analijua, Mgaza halijui, na ugomvi wao unakuwa mchungu na wa kuchekesha kwa wakati mmoja.

Hatua ya saba: pima muswada kwa mfuko ulio nao

Filamu ya Gondry iligharimu takribani dola milioni 120, na gari lake liliundwa kutokana na Chrysler Imperial za miaka ya 1960, ambazo nyingi ziliharibiwa wakati wa upigaji picha. Wewe huna fedha hizo, na huna haja nazo. Ukurasa mmoja wa muswada ni kama dakika moja ya filamu, hivyo lenga kurasa 90 hadi 95, na usizidishe mapigano makubwa matatu. Weka moja mwanzoni, moja katikati, na moja mwishoni lililo refu kuliko mengine. Maonyesho ya usiku yanahitaji taa na umeme wa jenereta, kwa hiyo hesabu ni mangapi unayoyahitaji kwa kweli. Mapigano ya alfajiri, wakati wa adhana na wauza vitumbua wakiwasha moto, yanapatikana kwa gharama nafuu na yana sura ya mahali.

Nchini Tanzania, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inakutaka upate kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupiga picha, na Kenya inayo sheria yake inayosimamia leseni na uainishaji. Filamu yenye sare za polisi, silaha za bandia na watu waliofunika nyuso wakikimbia mitaani ihitimishiwe taratibu zake mapema, na kituo cha polisi cha eneo husika pamoja na mwenyekiti wa mtaa waarifiwe kwa barua siku kadhaa kabla. Sisemi hivi kwa ajili ya kutii karatasi tu. Mwigizaji aliyevaa barakoa na kukimbia na pikipiki saa tano usiku yuko katika hatari halisi ikiwa mtaa haujaambiwa kwamba ni maigizo.

Hatua ya nane: usomeshwe kwa sauti na watu wasiokujua

Tafuta watu wanne: mama mtu mzima, kijana wa kijiweni, mwalimu, na mtu yeyote anayependa filamu za Kihindi. Wagawie nafasi, waache wasome muswada mzima bila maelezo yako, nawe ukae nyuma na kalamu. Weka alama mahali wanapocheka, na alama tofauti mahali wanapouliza «huyu nani sasa?», kwa sababu barakoa huwachanganya wasomaji kabla haijawachanganya watazamaji. Mahali ambapo mama mtu mzima amesahau kuwa anasoma na kuitikia «Marahaba» kwa sauti yake mwenyewe, usiguse hata nukta.